Ile Harufu Si ya Usafi: Maswali na Majibu Kuhusu Mashine za Ozoni na Taa za UV Nyumbani

Mwezi uliopita baba mmoja aliingia kliniki saa 11 alfajiri na mtoto wa miaka sita mgongoni. Mtoto alivuta pumzi kwa mabega, ngozi ya katikati ya mbavu ikizama kila anapovuta, na hata maneno matatu hakuweza kuyamaliza kwa mkupuo mmoja. Kifua kilikuwa kimeanza kumbana tangu saa 4 usiku. Nyumbani walikuwa na mashine ya ozoni, ile inayouzwa kama kisafisha hewa, kando ya kitanda; wakaiongeza nguvu, wakasubiri kuche.

Mtoto alipotulia baada ya nebulaiza, mashine ya kumvutisha dawa kama mvuke, baba alirudi nyumbani akaniletea mashine ndani ya kikapu. Akaichomeka kule koridoni anionyeshe. Kitaa cha buluu kikawaka, na punde ikaja harufu ile ya duka la steshenari ambako mashine ya fotokopi imefanya kazi kutwa nzima. Nikaichomoa. Mambo haya nayaona mara nyingi mno sasa, ndiyo maana naandika.

Ozoni ni nini?

Ni oksijeni yenye atomu tatu badala ya mbili. Kule juu sana angani inatukinga na miale mikali ya jua. Huku chini, ikiingia mapafuni, inachoma. Mwanakemia Christian Schönbein aliipa jina mwaka 1840 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kunuka. Ina kazi yake halali: mji wa Nice, Ufaransa, ulianza kusafisha maji ya kunywa kwa ozoni mwaka 1906. Hayo ni maji, na yanasafishwa kiwandani. Chumba anacholala mtoto ni habari nyingine.

Lakini nikiiwasha, chumba kinanukia hewa safi kabisa, kama baada ya mvua. Si ndiyo dalili kwamba inafanya kazi?

Hapana. Harufu hiyo ni ozoni yenyewe. Ukiisikia, ujue unaivuta. Na pua huizoea haraka, kwa hiyo baada ya dakika chache ukisema “haipo tena”, huenda ni pua tu iliyochoka.

Ozoni ya kiasi kidogo kisichodhuru watu haisafishi hewa ya chumba kwa namna ya maana. Ili iue vijidudu vinavyoelea humo, inabidi iwe nyingi kiasi cha kuumiza mapafu ya anayelala humo. Muuzaji anayekwambia “ni oksijeni iliyotiwa nguvu” hakwambii hilo. Tena, ikikutana na manukato yenye harufu ya limau au msonobari, yale tunayopulizia sebuleni na kupigia deki, hutengeneza fomaldehaidi, ambayo nayo huwasha macho na koo. Jimbo la California, Marekani, lilipitisha kanuni mwaka 2007 kwamba mashine za kusafisha hewa ya nyumbani zisitoe ozoni inayozidi sehemu 0.050 katika milioni moja ya hewa.

Mwanangu ana pumu. Dukani waliniambia itamsaidia.

Haimsaidii. Naomba nirudie, kwa sababu hapa ndipo watoto wanapoumia: ozoni haitibu pumu, ozoni huamsha pumu. Inavimbisha njia za hewa ambazo tayari ni nyembamba. Mtoto anakohoa, anatoa sauti ya filimbi kifuani, mzazi anadhani hewa ni chafu, anaongeza mashine. Anamwongezea mtoto kile kile kinachomkaba.

Kifua kikimbana usiku, nifanye nini?

Zima mashine. Mtoe mtoto chumbani. Mkalishe wima, mpe dawa yake ya kuvuta, ile ya kufungua kifua. Halafu mtazame: mbavu zinazama? Anashindwa kuongea, au kama ni mtoto mchanga, anashindwa kunyonya? Midomo inageuka rangi? Dawa imetolewa na hakuna nafuu? Nendeni hospitali usiku huo huo. Msingoje kuche. Msingoje baba arudi safari. Msingoje mashine “imalize mzunguko wake”. Mtoto anayehangaika kupumua huchoka, na akishachoka anakuwa kimya. Wazazi wengi hudhani amepata usingizi.

Na kama pampu yake ya dawa ya kuvuta iliisha wiki mbili zilizopita, fedha ya mashine ingeinunua.

Vipi taa za UV? Mbona hospitali zinazitumia?

Hili ni swali zuri, maana miale ya urujuanimno, ndiyo hiyo UV, ina historia ya kweli. Mwaka 1877 wanasayansi Downes na Blunt wa Uingereza walionyesha kuwa mwanga wa jua huzuia bakteria kukua. Niels Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Miaka ya 1930 William Wells alianza kuweka taa hizi katika shule za Philadelphia, Marekani, kupambana na surua. Baadaye Richard Riley, kule Baltimore, alipeleka hewa ya wodi ya kifua kikuu kwa simbilisi: waliovuta hewa iliyopita kwenye miale walisalimika, wengine waliambukizwa.

Lakini angalia taa hizo zinavyofungwa. Ziko juu, karibu na dari, zimekingwa ili miale isishuke kwa watu, na hewa inazungushwa ipande ipite kwenye miale. Wataalamu hupima kwanza. Taa ya kuchomeka mezani si kitu hicho. Nyingine zina miale yenye urefu wa wimbi wa nanomita 185, ambayo hutengeneza ozoni papo hapo, kwa hiyo unapata madhara mawili kwa bei moja.

Macho yanawasha kama yameingia mchanga, na jana tulikuwa na taa hiyo sebuleni.

Miale imeunguza macho. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana mtu hakumbuki taa. Usitie maziwa ya mama. Usitie dawa ya jirani. Njoo upimwe. Na mikono usiiweke chini ya taa hizo “kuua virusi”. Shirika la Afya Duniani lilikataza hilo tangu 2020.

Tunapika kwa mkaa ndani. Mashine itaondoa moshi?

Haiondoi kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Jiko la mkaa litoke nje, hata mvua ikinyesha.

Nina kikohozi wiki ya tatu, ila nimenunua mashine ya kuua bakteria.

Mashine haitibu kilichomo kifuani mwako. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho la usiku, kukonda: hizo ni dalili za kupeleka makohozi yapimwe kifua kikuu, leo. Hapa Tanzania vipimo na dawa zake ni bure.

Nimeshainunua. Niifanyeje?

Kama maelezo yake yanataja ozoni, ichomoe na usimpe jirani mwenye watoto. Kama unataka kifaa, tafuta chenye kichujio cha HEPA, yaani kinachonasa chembe ndogo sana, na feni tu, kisichotoa ozoni wala kuwa na taa iliyo wazi. Hicho hunasa vumbi na moshi, ila si gesi, na kichujio chake lazima kibadilishwe. Kabla ya kutoa fedha hiyo, fungua madirisha mawili yanayotazamana, anika godoro juani, na mwambie anayevuta sigara atoke nje.