Je, wajua kwa nini sensa moja ya gari ikipiga shoti mashine ya kupimia hutaja sensa nne?

Msimu wa korosho ukianza, pikapu zinazoshusha magunia kutoka Newala na Tandahimba hazipumziki, na gereji za Masasi na Mtwara mjini nazo hujaa. Katika yanayoletwa halikosekani gari la namna hii: taa ya cheki injini inawaka, ukikanyaga mafuta injini haipandi, na mashine ya kupimia inataja sensa (vifaa vinavyoipimia injini) tatu au nne kwa mpigo. Ya pedeli, ya presha ya hewa, ya presha ya dizeli kwenye reli, yaani bomba linalogawa dizeli kwa nozeli. Mwenye gari anaanza kupiga hesabu ya sensa nne, wakati mara nyingi mbovu ni moja tu, na pengine haimo hata kwenye orodha hiyo.

Chanzo ni umeme unaozilisha. Betri nzima ina volti 12 na ushee, lakini haitulii: ukipiga stata hushuka hadi 10 hivi, injini ikishika na oltaneta ikianza kuchaji hupanda karibu na 14. Sensa haiwezi kupima kitu kwa umeme unaoyumba kiasi hicho. Ndiyo maana kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, hutengeneza ndani yake umeme mwingine, volti 5 zisizocheza, na kuugawa. Sensa nyingi za aina hii zina waya tatu: mmoja unaleta hizo volti 5, mmoja ni ethi (upande wa hasi), wa tatu unarudisha jibu. Jibu lenyewe kwa kawaida huchezea kati ya volti 0.5 na 4.5, ili boksi likiona sifuri au 5 kamili lijue kuna waya uliokatika au ulioshikana.

Sasa, si kila sensa ina laini yake. Laini moja hulisha kadhaa, kama bomba la mtaani: likipasuka uani kwa jirani, ndoo za mtaa mzima hazijai. Sensa moja ikipiga shoti, volti 5 zinakimbilia ethi. Zilizobaki zinapata volti 2, au hata chini ya moja, nazo zinajibu upuuzi ingawa ni nzima. Wala usitegemee kukuta fyuzi imekatika. Boksi hujikinga lenyewe kwa kubana umeme, na shoti ikiondoka volti hurudi, pengine mpaka uzime swichi na kuiwasha tena.

Kwenye orodha ya mashine tafuta kodi (namba za hitilafu) P0642, P0652 au P0698. Kodi hizo hazisemi habari za sensa fulani; zinasema laini ya volti 5, ya A, B au C, imeshuka. Ukiiona mojawapo, anza nayo hiyo. Sensa zipi ziko kwenye laini ipi hutegemea gari, hivyo mchoro wa waya wa modeli husika unaokoa saa nyingi.

Kipimo chenyewe ni mita ya kawaida, ipige kwenye volti 20 za DC. Swichi iwe imewashwa, injini imezimwa. Waya mweusi wa mita ushike ethi ya betri, mwekundu uguse waya wa volti 5 kwa nyuma ya plagi, plagi ikiwa imechomekwa. Mita ikisoma, tuseme, 0.8, anza kuchomoa sensa za laini hiyo moja moja huku jicho likiwa kwenye mita. Ukichomoa ile mbovu, namba inaruka papo hapo kutoka 0.8 hadi 5.0. Mimi ningeanza na sensa ya presha ya gesi ya AC ikiwa iko kwenye laini hiyo: inakaa mbele, inapigwa vumbi na kokoto, na hakuna anayeishuku kwa sababu AC haihusiani na gari kukosa nguvu. Taa ya balbu ya kupimia iache kwenye boksi la spana; inavuta umeme mwingi kuliko laini hii inavyopaswa kubeba.

Kuna kisa kingine kinachofanana na hiki lakini si shoti. Volti zimeshuka kwenye sensa moja tu, kwingine 5 zipo. Hapo fungua plagi uangalie pini. Kwa magari yanayolala Mikindani au karibu na mashamba ya chumvi ya Lindi, ukoga wa kijani kwenye pini si ajabu. Plagi ya namna hiyo ikichomolewa husoma 5 safi, ikichomekwa volti zinashuka. Ndiyo sababu ya kupima ikiwa imechomekwa.

Sensa zote zikiwa nje na volti bado ziko chini, toa betri, chomoa plagi za kontrol boksi, kisha pima omu (ukinzani) kati ya waya wa volti 5 na bodi. Karibu na sifuri maana yake waya umechunika mahali: umesuguliwa na bodi, umeungua kwenye bomba la moshi, au umetafunwa na panya. Waya ukiwa salama ndipo lishukiwe boksi, tena baada ya kupima umeme na ethi zinazoliingia lenyewe. Na usikimbilie la mtumba: gari lenye kinga ya wizi kwenye ufunguo halitawaka kwa boksi la gari jingine mpaka liprogramiwe.