Manifoldi ya kuingiza hewa ni nini, na kuibadilisha nyumbani kunahusu nini hasa

Injini ya petroli inakula hewa kuliko inavyokula petroli. Kwa uzito, gramu 1 ya petroli inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Hewa hiyo hupitia ea klina, huingia kwenye throto, yaani mlango unaofunguka ukikanyaga akseleta, kisha hufika kwenye chombo kinachoigawia kila silinda sehemu yake. Chombo hicho ndicho manifoldi ya kuingiza hewa. Upande wa throto ina chumba kimoja kipana, na kutoka kwenye chumba hicho yanatoka mabomba yanayokwenda kuishia kwenye silinda hedi, sehemu ya juu ya injini yenye valvu, mbele ya valvu za kuingizia. Kuna manifoldi nyingine ya kutolea moshi kwenye ekzosi. Hiyo ni kazi tofauti kabisa na hatuigusi hapa.

Urefu wa yale mabomba haukuwekwa kwa kubahatisha. Bomba refu husaidia injini kuvuta vizuri ikizunguka polepole, na bomba fupi huifaa ikizunguka kwa kasi. Ndiyo maana manifoldi nyingi za kisasa zina vipepeo ndani, vinavyofunguka na kufunga ili kubadilisha njia ya hewa kulingana na mwendo. Vipepeo hivyo navyo huchakaa, na wakati mwingine manifoldi nzima hubadilishwa kwa sababu yao tu.

Jambo la kulielewa kabla ya kushika spana ni mvuto, yaani ule unyonyaji wa hewa unaofanywa na injini. Ukiachia akseleta, throto hufunga karibu yote, lakini pistoni zinaendelea kunyonya. Nje, kwenye usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni karibu kilopaskali 101. Ndani ya manifoldi ya injini yenye afya, ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma gari limesimama na hakuna aliyekanyaga akseleta, shinikizo huwa kama kilopaskali 30 hadi 40. Kwenye magari mengi ya petroli, mvuto huo ndio unaosaidia mguu kwenye breki, unaovuta mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi na unaonyonya mvuke wa oili unaotoka ndani ya injini. Kwa hiyo manifoldi ikipata ufa, hewa ya nje haisubiri kukaribishwa, inanyonywa kwa nguvu.

Hapo ndipo ubaya unapoanzia, maana kompyuta ya injini hupima petroli kwa kufuata hewa iliyoihesabu. Kwenye magari yenye sensa ya kupima hewa kabla ya throto, hewa inayopenya kwenye ufa haikuhesabiwa na mtu. Petroli inakuwa pungufu, sailensa inapanda na kushuka, gari linamisi hasa asubuhi injini ikiwa baridi, na taa ya injini inawaka na kodi, yaani namba za hitilafu, kama P0171 au P0174, zinazosema mchanganyiko una petroli kidogo mno. Kwenye magari yanayopima shinikizo ndani ya manifoldi yenyewe dalili hugeuka kidogo: kompyuta inaona shinikizo limepanda, inaongeza petroli, na mara nyingi sailensa inabaki juu. Ukikanyaga akseleta dalili hupungua, kwa sababu hewa halali inayoingia ni nyingi na ile ya wizi haina uzito tena. Gari linalosumbua likisimama na kutulia likiwa barabarani linakupa ushahidi mzuri sana.

Manifoldi za aluminiamu huharibika kwa nadra. Siku hizi nyingi ni za nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo: ni nyepesi, ndani ni laini, na hazipitishi sana joto la injini kwenda kwenye hewa inayoingia. Adui yao ni miaka ya kupata moto na kupoa, na zaidi pale ambapo maji ya rejeta yanapita ndani yake. Mfano unaojulikana sana ni injini ya V8 (silinda nane katika safu mbili zenye umbo la V) ya lita 4.6 ya Ford ya mwishoni mwa miaka ya 1990. Manifoldi yake ya plastiki ilikuwa na njia ya maji upande wa mbele, na hapo ndipo ilipokuwa ikipasuka. Toleo lililofuata likawekewa njia ya maji ya aluminiamu.

Hata hivyo, mara nyingi kosa si la manifoldi. Ni gasketi, yaani kizibo kilicho kati ya manifoldi na hedi, iliyokauka, au kipande cha mpira wa mvuto kilichopasuka nyuma, mahali ambapo macho hayafiki. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi hununua manifoldi nzima kwa ajili ya mpira mmoja. Kipimo cha kuaminika ni moshi: mashine hupuliza moshi ndani ya njia ya hewa injini ikiwa imezimwa, na unapotokea ndipo penye tundu. Wapo wanaopulizia dawa ya kusafishia kabureta kando ya gasketi injini ikinguruma na kusikiliza mlio ukibadilika. Njia hiyo inafanya kazi, lakini dawa hiyo inawaka, na ekzosi ya moto iko hatua chache tu. Mimi nachagua moshi.

Ukishathibitisha, kazi yenyewe haihitaji nguvu nyingi. Inahitaji usafi na utaratibu. Fanyia mahali penye hewa ya kutosha, kizima moto kikiwa karibu, injini ikiwa imepoa kabisa. Presha ya petroli inatolewa kwanza: chomoa fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta, washa injini iache izime yenyewe. Kisha toa waya wa hasi wa betri. Kama injini yako hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, mabomba yake ya petroli hubeba presha inayoweza kupita bar 100. Yakibidi kufunguliwa, hiyo si kazi ya nyumbani. Kama maji yanapita kwenye manifoldi, yapunguze mpaka yashuke chini ya usawa wake.

Baada ya hapo ni kufungua kwa mpangilio: bomba la ea klina, throto, plagi za waya, mipira ya mvuto, nozeli zinazopuliza petroli pamoja na reli yake, yaani bomba linalozigawia petroli. Piga picha kabla ya kila hatua na bandika karatasi yenye namba kwenye kila mpira. Mipira miwili inayofanana ikibadilishana nafasi, utatafuta ugonjwa ambao haukuwepo. Bolti za manifoldi hulegezwa kidogo kidogo kuanzia za pembeni kuelekea za katikati. Angalia pia chini yake: injini nyingi zilizonyooka, yaani zenye silinda katika mstari mmoja, zina kishikizo kilichojificha huko, na anayeivuta manifoldi kwa nguvu bila kukitoa huipasua.

Manifoldi ikishatoka, matundu ya hedi yanabaki wazi na yanashuka moja kwa moja kwenye valvu. Ziba kila tundu kwa kitambaa safi saa hiyo hiyo, na uvihesabu vitambaa. Nati ndogo ikidumbukia pale wakati valvu iko wazi, kubadilisha manifoldi kunageuka kuwa kushusha hedi. Maji nayo ni hatari vilevile. Yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa, na ukipiga stata yanaweza kupinda koneksheni ya pistoni. Ukishuku kwamba yamemwagika ndani, toa plagi zote za moto, zungusha injini yatoke, ndipo urudishe plagi. Kwenye injini za V manifoldi hukaa juu ya bonde lililo katikati, na kwa baadhi yake maji au takataka zikimwagika huishia kwenye oili. Huko oili ibadilishwe bila kujadiliana.

Uso wa hedi mahali gasketi inapokaa ndio moyo wa kazi hii. Kwangua mabaki ya gasketi kwa kikwangulio cha plastiki. Aluminiamu ni laini, na mkwaruzo mmoja wa bisibisi unatosha kuwa njia mpya ya hewa. Msasa wa kuzungushwa kwa mashine usiutumie, kwa sababu vumbi lake huingia kwenye injini na kula beringi. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso huo uone kama kuna mwanga unaopita chini yake. Na kwa kuwa valvu sasa zinaonekana mbele yako, ziangalie: kwenye injini zinazopuliza petroli ndani ya silinda, migongo ya valvu hizo haioshwi na petroli, hivyo masizi hujijenga, na nafasi nyingine ya kuyasafisha kwa urahisi huu haiji karibuni.

Gasketi iwe mpya, na oringi (pete za mpira) za nozeli ziwe mpya, zimepakwa oili safi kidogo zisijikunje. Manifoldi nyingi za plastiki hutumia mpira unaokaa ndani ya mfereji wake, nao huwekwa mkavu. Kuongeza silikoni juu yake ni kuuharibu. Silikoni ina mahali pake, kwa mfano kwenye ncha za mbele na nyuma za bonde la baadhi ya injini za V, na hapo pia ni kidogo tu.

Kukaza huanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu mbili au tatu, kwa spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza, na kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Kwa manifoldi nyingi za plastiki zenye bolti za milimita 6, kipimo huwa karibu na newtoni-mita 10, nguvu ambayo mkono wa kawaida unaipita bila hata kuhisi. Plastiki ikikazwa kupita kiasi inapasuka siku hiyo au baada ya mwezi, na bolti ikikatikia ndani ya hedi ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kuitoa.

Kabla ya kuwasha, rudisha maji na kuyatoa hewa, kisha fungua swichi mara mbili tatu bila kupiga stata ili pampu ijaze reli, huku ukiangalia kila nozeli kama kuna petroli inayovuja. Ndipo uwashe. Sailensa inaweza kuyumba kidogo mwanzoni mpaka kompyuta ijifunze upya. Ukiwa na kisomeo cha kodi, tazama asilimia ya marekebisho ya petroli, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza, injini ikiwa imepata moto: ikiwa karibu na 0, au haizidi 10 juu wala chini, manifoldi imekaa. Ikiwa juu sana kwenye sailensa na inashuka ukifika mizunguko 2,500 kwa dakika, bado kuna hewa inayopenya, na mahali pa kwanza pa kutazama ni ile mipira uliyoiandika namba.