Je, wajua kuna bingwa wa Afrika wa magongo (hoki) aliyezuiwa na nchi yake kwenda Olimpiki, tena mara mbili?

Ndio hivyo, na bingwa mwenyewe ni Afrika Kusini, timu ya wanaume. 1999 walishinda All Africa Games kwao Johannesburg, tiketi ya Sydney 2000 ikawa yao, halafu kamati ya Olimpiki ya nchi yao ikasema hapana, hamwendi. 2015 wakashinda tena mashindano ya kufuzu ya Afrika pale Randburg, na tena wakaambiwa kaeni nyumbani, nafasi ya Rio 2016 ikaenda New Zealand. Ndo maana ukitazama orodha ya timu za wanaume za Sydney na Rio hukuti hata moja kutoka bara letu.

Sasa kwa nini mtu akatae tiketi aliyoshinda uwanjani? Hoja ya wakubwa ilikuwa moja tu, kwamba kushinda Afrika ni rahisi mno. Na kusema kweli ukiangalia rekodi unaona walipoitoa. Kombe la Mataifa ya Afrika la magongo lilianza Cairo 1974, Ghana ikabeba, Misri ikaja kubeba 1983 na 1989, Afrika Kusini wakati huo ilikuwa imefungiwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Walipofunguliwa wakaja Nairobi 1993 wakachukua, na tangu hapo kombe hilo halijatoka mikononi mwao.

Lakini hiyo hoja mimi inaniuma kidogo, maana Afrika haikuwa dhaifu hivyo zamani. Kenya, ile ya kina nahodha Avtar Singh Sohal, timu iliyojaa Masingasinga na Wagoa (watu wenye asili ya Goa, India) wa Nairobi, ilimaliza ya sita Olimpiki ya Tokyo 1964 na ya nne Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Barcelona 1971, nusu fainali wakafungwa na wenyeji Hispania bao 1-0 tu halafu India wakawapiga 2-1 kwenye mechi ya mshindi wa tatu. Ya nne duniani jamani!

Kilichoharibu ni mambo mengi kwa pamoja. Wahindi wengi waliokuwa uti wa mgongo wa timu walihama nchi, na 1976 ndio mara ya kwanza magongo ya Olimpiki kuchezwa kwenye nyasi bandia, Montreal, na Kenya haikuwepo kwa sababu nchi za Afrika ziligoma, zikipinga New Zealand kwenda kucheza raga Afrika Kusini. 1980 Kenya ikagomea Moscow pia (huko Tanzania ndio ilienda ikapigwa 18-0 na India, tuiache hiyo). Kuanzia hapo mchezo ukawa wa nyasi bandia, mpira unakwenda kasi kuliko kwenye nyasi za kawaida, na uwanja wenyewe ni ghali kuutandika na unataka kumwagiwa maji kila mechi. Kenya ilipata uwanja wa nyasi bandia wa City Park, Nairobi, kwa ajili ya All Africa Games 1987 na dhahabu wakachukua, ila uwanja mmoja haulei kizazi, wakati Afrika Kusini shule kibao na vyuo vikuu vinao, mtoto anakua akicheza humo humo. Olimpiki ya mwisho ya Kenya kwenye magongo ni Seoul 1988.

Baadaye wale wakubwa wa Afrika Kusini wakalegeza msimamo. Timu ikafuzu Stellenbosch 2019, ikapelekwa Tokyo kwa njia hiyo hiyo ya Afrika iliyodharauliwa, na kwenye makundi wakamfunga Mjerumani 4-3, Mjerumani yule aliyebeba dhahabu 2008 na 2012. Walipofuzu tena Pretoria 2023 wakaenda zao Paris.