Nyundo ya Kilo 63.5 na Ploti Yako

Anayenunua ploti uwanda wa Kano, Kisumu, hutuuliza kwanza bei, sisi wa maabara ya udongo: kutoboa mashimo mawili ya kupima udongo kabla ya kujenga ni pesa ngapi? Ni haki yake. Lakini usalama wa nyumba yake umo katika jinsi mashimo hayo yatakavyopimwa.

Chukua jaribio la nyundo, linalotegemewa na ripoti nyingi: bomba hugongwa lizame udongoni ndani ya shimo, na mapigo huhesabiwa; yakiwa mengi, udongo husomeka mgumu. Viwango vinataka nyundo ya kilo 63.5 ianguke yenyewe kutoka kimo cha milimita 760. Bomba linapozama milimita 150 za kwanza, mapigo hayaingizwi kwenye jibu. Yanayohesabiwa ni ya milimita 300 zinazofuata. Sasa fika saiti. Nyundo inavutwa kwa kamba, na kufikia saa nane mchana vijana wamechoka, hawaifikishi kwenye alama. Ikianguka kutoka kimo kifupi, mapigo huongezeka, na udongo dhaifu ukasomeka mgumu. Kosa hili naliogopa kuliko yote: injinia ataupigia msingi hesabu safi kabisa, juu ya namba isiyo ya kweli. Inapowezekana, tumieni nyundo inayojiachia yenyewe.

Udongo mweusi wa Kano hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hiyo maji yaliyomo ndiyo habari yenyewe. Sampuli isipozibwa kwa nta papo hapo na kuwekwa kivulini, jua huiibia maji njiani, na tanuri letu la nyuzi 105 litapima kilichobaki tu. Tena, kina cha maji ya ardhini cha Januari si cha Mei. Inatakiwa kuacha shimoni bomba lenye matundu la kupimia maji hayo, na kulirudia wakati wa masika, safari ambayo wenye ploti wengi hawataki kuilipia.

Nakuru ni mambo mengine. Majivu ya volkano humwagika bomba la sampuli likipandishwa, na mawe yale mepesi yanayoelea majini husagika chini ya nyundo. Kubwa zaidi ni nyufa zilizofunikwa na majivu, ambazo hufunguka mvua kubwa ikinyesha. Mashimo mawili yanaweza kuukosa ufa uliopita katikati yao. Hapo mimi huomba mtaro uchimbwe kukatiza ploti, na huwauliza majirani wa siku nyingi ni wapi ardhi iliwahi kutitia.

Ukipewa ripoti, tafuta aina ya nyundo, tarehe za kupima maji ya ardhini na kina chake kila tarehe. Visipokuwamo, uliza kabla hujamaliza kulipa.