Alama bainifu: namna ndege ya kijeshi isiyozoeleka inavyotambuliwa

Alama bainifu ni sehemu moja ya umbo la kitu ambayo, ikionekana, hutosha kukitenga kitu hicho na vingine vinavyofanana nacho. Wapenzi wa ndege za kijeshi huitumia dhana hii kila siku, hata wale wasiolijua jina lake, kwa kuwa swali wanaloulizana karibu siku zote ni moja: pana picha yenye ukungu, au kivuli cha kijivu kilichopita juu ya paa kwa sekunde kumi, na ndege yenyewe si ya kawaida, je, ni ipi? Maelezo haya yanahusu namna swali hilo linavyojibiwa na sababu ya majibu mengi ya haraka kuwa ya makosa.

Kwa msomaji wa Mombasa dhana yenyewe si ngeni. Mzee aliyekulia karibu na bandari ya Mji wa Kale hakuhitaji kusoma jina la chombo kilichokuwa kikiingia na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni. Bumu limechongoka omo na tezi, yaani mbele na nyuma, ilhali sambuki tezi yake ni bapa, kama iliyokatwa kwa msumeno, na tofauti hiyo ilijulikana chombo kingali mbali, kabla ya rangi wala bendera kuonekana. Rangi hupakwa upya, bendera hubadilishwa na tanga hushushwa, lakini tezi hubaki vile vile mpaka chombo kivunjwe. Sharti la kwanza la alama bainifu ni hilo: iwe imejengwa ndani ya umbo, si kubandikwa juu yake. Anayeitambua ndege kwa rangi yake ya kijivu hajatambua kitu, maana ndege nyingi za kijeshi duniani ni za kijivu.

Elimu ya kutambua ndege kwa umbo ilikua wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kwa sababu kukosea kulimaliza roho za watu. Usiku wa tarehe 11 Julai 1943, ndege 144 za uchukuzi za Marekani aina ya C-47, zikiwa zimebeba askari wa miavuli, zilifika Sicily na kupokewa kwa mizinga ya meli na ya nchi kavu ya upande wao wenyewe, 23 ziliangushwa. Mwaka uliofuata, kabla ya majeshi kuvuka kwenda Normandy, ndege za Washirika zilipakwa milia mitano mipana, mitatu myeupe na miwili myeusi, mabawani na kwenye kiwiliwili. Kwa maoni yangu milia ile ilikuwa ni kukiri kushindwa: macho ya wapiga mizinga hayakuaminika tena kusoma umbo, ikabidi yaandikiwe kwa chokaa na masizi.

Mombasa nayo ilikuwa na somo lake. Mwaka wa 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini, na pamoja nazo zikaja meli za kubebea ndege. Miongoni mwa ndege hizo zilikuwamo Swordfish na Albacore, zote mbili za kurusha topido, zote zenye jozi mbili za mabawa yaliyopangwa moja juu ya nyingine, na zote zenye mwendo wa pole. Mtu asiyezizoea angesema ni ndege moja. Alama bainifu ilikuwa pale wanapokaa marubani: wa Swordfish walikaa wazi, upepo ukiwapiga usoni, na wa Albacore walifunikwa kwa vioo.

Mwanzoni askari walifundishwa kuikagua ndege kipande baada ya kipande kwa utaratibu usiobadilika: mabawa, injini, kiwiliwili, mkia. Herufi za kwanza za maneno hayo kwa Kiingereza ziliunda jina la mtindo huo, WEFT. Mwanasaikolojia Samuel Renshaw wa Chuo Kikuu cha Ohio State aliona kwamba njia hiyo ni ya polepole mno kwa mtu mwenye mzinga mkononi. Yeye aliwaonyesha wanafunzi picha ukutani kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, tena na tena, mpaka wakaitambua ndege nzima kwa mkupuo mmoja, kama mtu anavyoutambua uso wa jirani yake bila kuhesabu pua na macho. Jeshi la Majini la Marekani likauchukua mtindo huo. Mara nyingi njia hizi mbili huelezwa kana kwamba moja iliishinda nyingine. Mimi naona kila moja ina pahali pake. Ndege uliyoizoea utaijua kwa sura yake nzima, na hata hutajua umeijuaje. Ndege usiyoizoea haina sura akilini mwako, kwa hiyo huna budi kurudi kwenye vipande.

Mfano mzuri ni ndege za doria ya baharini, ambazo Mombasa imezipokea mara nyingi kwa sababu ya bandari yake. Mnamo 2002 jeshi la majini la Ujerumani lilileta hapa ndege zake aina ya Breguet Atlantic kuilinda njia ya meli. Atlantic ina rafadha mbili, au propela kama mafundi wengi wanavyoziita, na nyuma kabisa ya mkia wake umechomoza mwiba mrefu mnyoofu. Aliyeuona mwiba huo kwa mara ya kwanza alikuwa na haki ya kushangaa, kwa sababu hakuna ndege ya abiria iliyo nao. Ndani yake mna kifaa cha kupima usumaku wa dunia: nyambizi ni pande kubwa la chuma, na pande hilo huuvuruga usumaku wa mahali lilipo. Kifaa hicho huwekwa mbali nyuma ili kisivurugwe na chuma cha ndege yenyewe.

Je, mwiba ni alama bainifu? Unatosha kusema kwamba ndege hii huwinda nyambizi, lakini hautoshi kusema ni ndege gani, kwa kuwa P-3 Orion ya Marekani nayo ina mwiba kama huo. Kati ya Atlantic na Orion kinachoamua ni hesabu ya rafadha, mbili kwa nne. Orion nayo ilitokana na ndege ya abiria iitwayo Lockheed Electra, yenye rafadha nne na mabawa yale yale. Kati ya hizo mbili hesabu ya rafadha haisaidii kitu, na mwiba ndio unaoamua. Hapa ndipo wengi wanapoielewa dhana hii nusu. Alama haiwi bainifu peke yake. Huwa bainifu mbele ya kundi fulani la ndege zinazoshukiwa, na kundi likibadilika alama nayo hubadilika.

Mrithi wa Orion, P-8 Poseidon, amewachanganya watu zaidi, kwa sababu imejengwa juu ya Boeing 737, ndege ambayo wakazi wa Changamwe, jirani na uwanja wa ndege wa Mombasa, huisikia mpaka wakaacha kuisikia. Zile za Marekani hazina mwiba. Basi mtu hutazama ncha za mabawa: 737 nyingi za abiria za siku hizi zina ncha zilizokunjwa kwenda juu, ilhali za P-8 hazikukunjwa, zimechongwa tu kurudi nyuma. Madirisha nayo ni machache. Ila P-8 za India zimewekwa mwiba ule, na aliyekariri kwamba P-8 haina mwiba hupotea hapo hapo.

Karibu na nyumbani zaidi, Jeshi la Wanahewa la Kenya lilitumia ndege za uchukuzi aina ya Buffalo kwa miaka mingi, kisha likapata Spartan. Zote zina injini mbili, mabawa yaliyokaa juu ya kiwiliwili na mlango wa kupakilia nyuma. Mkia ndio unaozitenga. Mabawa madogo ya Buffalo yamewekwa kileleni mwa pezi la wima, hata ukitazama kwa nyuma unaiona herufi T. Ya Spartan yako chini, penye shina la pezi. Rafadha za Buffalo zina mapanga matatu na za Spartan sita, lakini zikizunguka hayahesabiki, kwa hiyo kwa ndege iliyo angani alama hiyo ni ya vitabuni tu.

Antonov An-12 na C-130 Hercules nazo huchanganywa sana, zote zikiwa na rafadha nne na tumbo kubwa. Tazama pua: An-12 ina pua ya vioo alikokaa mwelekezi wa safari, na sehemu za nje za mabawa yake zimeinama kidogo kwenda chini. An-12 pia huitwa Cub, na jina hilo lina siri yake. Nchi za NATO zilizipa ndege za Kisovieti majina ya mafumbo ambayo herufi ya kwanza hutaja kazi: B kwa za mabomu, C kwa za uchukuzi, F kwa za kupigana, H kwa helikopta. Kwa zilizo na mabawa, idadi ya silabi hutaja injini, silabi moja kwa rafadha na mbili kwa jeti. Hivyo Tu-95 ikaitwa Bear na Tu-16 ikaitwa Badger, na mtu ambaye hajaziona kamwe anaweza kueleza tofauti yao. Kanuni hii humfaa Mwingereza kuliko sisi, kwani Mswahili hafungi neno kwa konsonanti kwa hiari yake, na Cub akishaitamka kabu, tayari ameitia injini za jeti.

Ndege za ajabu kupindukia, kinyume cha inavyodhaniwa, hazina tabu ya kutambuliwa. Blohm & Voss BV 141 ya Ujerumani, iliyoruka mwaka wa 1938, haina ulinganifu wa kushoto na kulia: injini na mkia viko kwenye mhimili mmoja, na watu wamekaa kwenye chumba cha vioo kilichobandikwa pembeni, upande wa kulia. Ukiiona mara moja huisahau. Vought V-173 ya Marekani ya mwaka wa 1942 ni bapa na duara kama chapati. Kazi ngumu iko kwenye ndege inayokaribia kufanana na ile unayoijua, na anayetaka kuzijua za ajabu sharti aanze na za kawaida mpaka azichoke.

Mombasa yenyewe hulazimisha umbo litangulie. Njia kuu ya kurukia ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi imeandikwa 03 upande mmoja na 21 upande wa pili, yaani takriban nyuzi 30 na nyuzi 210, na mwelekeo huo hauko mbali na ule wa pepo zetu. Ndege hutua ikiukabili upepo. Kwa hiyo wakati wa kaskazi hupita juu ya hori ya Port Reitz ikitokea kusini, na wakati wa kusi hugeuka ikaingilia upande wa pili. Aliyeko Magongo, jirani na uwanja, alasiri huiona jua likiwa nyuma ya ndege, na kinachobaki ni kivuli cheusi kisicho na rangi, namba wala bendera. Kamera haimsaidii, tena upande wa jeshi wa uwanja haupigwi picha ila na anayejitafutia kesi. Njia salama ni kuchora kwa kumbukumbu baada ya ndege kupita, ukianza na mkia, kwa sababu mkia ndio unaosahaulika upesi.

Picha nazo zina hila zake. Mi-8 na Mi-17 ni helikopta za ukoo mmoja, na alama inayozitenga ni rafadha ndogo ya mkiani: ya Mi-8 iko upande wa kulia wa rubani, ya Mi-17 upande wa kushoto. Mpwa wangu alinijia jioni moja na simu yake.

“Mjomba, kitendawili.”

“Tega.”

Akanionyesha ncha ya mkia tu, rafadha ikiwa kulia. Nikajibu Mi-8 bila kusita. Akaniambia nimpe mji, nami nikakataa, nikamweleza kulia na kushoto kwa urefu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akaivuta picha ikaonekana nzima, na namba ubavuni mwa helikopta zilisomeka kinyumenyume, kama kwenye kioo. Nikampa Lamu.