Umechangia kupita kiwango? Kuzitoa fedha hizo kuna utaratibu wake

Msimu wa ritani hapa Marekani umefika, na safari hii dawati letu limepokea maswali mengi ya aina moja. Mtu amechangia akaunti yake ya kustaafu kupita kiwango, akagundua, akaingia kwenye programu ya simu, akazitoa zile dola na kuona amemaliza kazi. Kutoa fedha kienyeji namna hiyo hakurekebishi lolote. Maelezo haya ni ya jumla, yanahusu mwaka wa kodi wa 2025, na hayachukui nafasi ya ushauri juu ya suala la mtu mmoja mmoja.

Wanaonaswa zaidi miongoni mwa wasomaji wetu ni wenye ajira mbili. Nesi anakatwa 403(b) hospitalini, kisha anakatwa 401(k) kwenye nyumba ya wazee anakofanya shifti za usiku; yote miwili ni mipango ya kustaafu ya kazini, inayokatwa kwenye mshahara. Kiwango cha 2025 ni dola 23,500 kwa mtu mmoja, hata awe na waajiri watano. Wa miaka 50 na zaidi wanaruhusiwa 31,000, na wa miaka 60 hadi 63 wanaweza kufika 34,750 ikiwa mpango wao unaruhusu. (Mwenye 457(b), mpango mwingine wa kazini, hasa serikalini, hesabu yake iko peke yake.) Mchango wa mwajiri hauingii humu, na tunaomba watu waache kuujumlisha. Chukua kila W-2 (taarifa ya mshahara na makato ya mwaka kutoka kwa mwajiri), tazama kisanduku namba 12, jumlisha herufi D, E, AA na BB. Aliyekatwa 15,000 huku na 12,000 kule, naye hajafika miaka 50, amezidisha 3,500. Waajiri wake hawajuani, kwa hiyo asitegemee kupigiwa simu.

Mtu huyo huchagua mpango mmoja, huuandikia kwamba amezidisha, na huomba arudishiwe 3,500 pamoja na faida iliyopatikana juu yake. Fedha ziwe zimetoka kabla ya 15 Aprili 2026 kupita. Nyongeza ya muda wa kuwasilisha ritani haisogezi tarehe hii hata siku moja, na mipango mingi hutaka taarifa mapema zaidi ili ipate nafasi ya kushughulikia. Kama makato yalikuwa ya kabla ya kodi, zile 3,500 huongezwa kwenye mishahara katika ritani ya 2025, ingawa W-2 haizionyeshi. Faida yake ni kipato cha 2026, mwaka iliporudishwa. Adhabu ya asilimia 10 ya kutoa mapema haipo. Aprili ikipita, 3,500 zile zile zinatozwa kodi kwa 2025, halafu zinatozwa tena siku utakapozitoa. Wapo wanaotuuliza kama wanaweza kuzihamishia IRA (akaunti ya kustaafu ambayo mtu hujifungulia mwenyewe) ili wakwepe mzunguko huo. Hapana. Fedha zilizozidi hazihamishiki.

IRA ina sheria zake, na hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Kiwango cha 2025 ni dola 7,000, au 8,000 kwa wenye miaka 50 na zaidi. Roth IRA, ambayo huchangiwa fedha zilizokwisha kutozwa kodi, ina ukomo wa kipato juu yake: asiye na mwenza ruhusa huanza kupungua akifika 150,000 na kuisha 165,000, wanandoa wanaojaza ritani moja, 236,000 hadi 246,000. Aliyeoa au kuolewa lakini anajaza peke yake, na waliishi pamoja hata kidogo ndani ya mwaka, ukomo wake ni 10,000. Mwenye mke Mombasa au mume Mwanza anayejaza peke yake, nao hawakuishi pamoja hata siku moja mwaka huo, hutumia viwango vya asiye na mwenza. Na raia wa Marekani aliyehamia Nairobi kikazi, akausamehesha mshahara wake wote kwa Fomu 2555 (ya kusamehewa kodi ya mapato ya ng'ambo), hana kipato cha kumruhusu kuchangia IRA. Kila dola aliyoweka imezidi.

Kilichozidi kikibaki hutozwa asilimia 6 kupitia Fomu 5329, na tozo hiyo hurudi kila mwaka hadi kiondolewe. Tumeshakutana na watu walioilipa mara moja wakadhani wamenunua ruhusa.

Njia safi ni kuiandikia taasisi inayotunza akaunti, kwa fomu yake ya "removal of excess contribution" (kuondoa mchango uliozidi). Usichague utoaji wa kawaida. Mchango hutoka pamoja na faida yake. Tuseme akaunti ilikuwa na 20,000, ukaweka 7,000, ikafika 29,700: imekua kwa asilimia 10. Ikiwa iliyozidi ni 2,000, unatoa 2,200. Akaunti ikishuka, unatoa pungufu ya 2,000, na hapo hakuna faida ya kutozwa. Zile 2,000 hazitozwi kodi mradi hukuzidai kama punguzo. Zile 200 ni kipato cha mwaka ulioweka mchango: uliweka 2025, ni za 2025, hata kama umezitoa Machi 2026. Uliweka Februari 2026 kwa ajili ya 2025, ni za 2026. Adhabu ya asilimia 10 juu ya faida hiyo iliondolewa na sheria ya SECURE 2.0 ya Desemba 2022. Wanaoendelea kuilipa wanafuata maelezo ya zamani.

Aliyewasilisha ritani kwa wakati ana hadi 15 Oktoba 2026. Aliyechelewa kuwasilisha hana Oktoba. Kwake ni Aprili tu, na kulalamika kwetu hakubadilishi sheria. Baada ya hapo tozo ya 2025 inalipwa. Kuikwepa ya 2026, toa iliyozidi peke yake, bila faida, kabla ya 31 Desemba 2026 kupita, au uiache imezwe na kiwango cha 2026, ambacho ni 7,500 kwa asiyefika miaka 50, kama unastahili kuchangia na bado una nafasi.

Kwa aliyekwisha kuwasilisha ritani ya 2025 kwa wakati kisha akatoa fedha kabla ya nafasi ya Oktoba kuisha: jaza ritani ya marekebisho, andika juu yake "Filed pursuant to section 301.9100-2", onyesha faida, ambatisha maelezo ya fedha zilivyotolewa. Kama Fomu 5329 ilishapelekwa ikionyesha tozo, nayo irekebishwe. Tunza barua ya taasisi iliyorudisha fedha, kwa sababu Fomu 1099-R ya utoaji huo haitakufikia hadi mapema 2027.