Kinasa video: maana yake sasa, na cha kuweka mahali pa deki

Kinasa video ni mashine inayopokea picha na sauti, ikazihifadhi, kisha ikakuchezea utakapotaka. Deki ya VHS, ile mashine ya zamani ya kanda, ilifanya yote hayo peke yake: tuna, yaani kipokea mawimbi, ilishika stesheni, kanda ikahifadhi, kichwa kikaandika na kusoma. Ukiwa Kisumu au Nakuru unatafuta mashine ya kuchukua nafasi yake, anza na tuna, kwa sababu ndiyo iliyokufa kwanza. Tuna ya deki hushika mawimbi ya analogi, na Kenya iliyazima 2015. Tangu hapo matangazo ya antena huja kwa DVB-T2, mfumo wa kidijitali. Hata deki iwe haijatoka kwenye boksi, ukiitafutisha stesheni utaona chenga tu. Vinasa vya DVD vya mtumba kutoka Uingereza vina mtego kama huo: vingi tuna yake ni ya analogi au ya DVB-T ya kwanza, isiyoielewa T2.

Kwa hivyo kinasa cha nyumbani sasa ni king'amuzi cha DVB-T2 chenye tundu la USB na uwezo wa kurekodi. Kazania hilo la kurekodi, maana yapo matundu ya USB yanayocheza faili tu. Usiridhike na maandishi ya boksi. Nenda dukani na flashi yako, bonyeza kitufe cha duara jekundu kwenye rimoti, subiri dakika 2, simamisha, kisha cheza ulichonasa papo hapo. Jaribu kwa chaneli ya bure, kwani rekodi ya chaneli ya kulipia mara nyingi hufunguka kwenye king'amuzi kilichoinasa tu.

Chaneli husafirishwa kwa mafungu na kampuni za kurusha matangazo: Signet ina yake, ADN ina yake. King'amuzi cha tuna moja kikinasa chaneli ya fungu fulani, utaweza kutazama nyingine ya fungu hilo hilo tu. Nyumba inayogombania mpira na taarifa ya saa moja itafute chenye tuna mbili.

Kuhusu nafasi, chaneli ya kawaida inayopita kwa megabiti 3 kwa sekunde hula kama GB 1.35 kwa saa. Ya HD kwa megabiti 8 hula GB 3.6. Flashi ya GB 32 basi hubeba zaidi ya saa 20 za kawaida, au karibu saa 9 za HD. Ila flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, haikubali faili ya zaidi ya GB 4. Ving'amuzi vingine huikata rekodi vipande na kuendelea, vingine husimama. Kwa hivyo vinavyosimama, mechi ya HD ikianza kunaswa mpira unapoanzishwa, hukatika baada ya dakika 70 hivi, kipindi cha pili kikiwa bado kichanga. Kama king'amuzi kinakubali NTFS au exFAT, mifumo isiyo na kikomo hicho, fomati kwa mmojawapo.

Diski ya nje inayozunguka hutaka umeme mwingi wakati wa kuwaka, na tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu. Ukisikia tik-tik na diski haionekani, mara nyingi ni njaa ya umeme: tumia flashi, au diski yenye adapta yake. Stima ikikatika katikati ya kunasa, faili hubaki wazi na huenda isicheze kabisa, kwa hiyo UPS ndogo, betri inayoshika stima ikikatika, ni matumizi ya lazima.

Deki yenyewe usiitupe kama una kanda za harusi na mazishi. Unganisha waya wa AV (wa picha na sauti) kutoka kwa deki hadi kifaa cha kunasia cha USB, uzihamishe kwenye kompyuta. Ikibidi ununue deki nyingine soko la Kibuye, Kisumu, soma kibandiko cha nyuma: iwe ya PAL, mfumo wa picha wa huku, na ya volti 220–240. Ya Marekani, ya mfumo wa NTSC na volti 120, itaungua ukiichomeka ukutani. Kabla ya kuingiza kanda, ichungulie kupitia kidirisha chake. Unyevu wa ziwani huotesha ukungu, unga mweupe ukingoni mwa utepe. Kanda hiyo isiingie, kwani ukungu utaziba kichwa na kuhamia kanda zote zitakazofuata. Kichwa kilichoziba husafishwa kwa ngozi laini ya shamwa (chamois) na spiriti, ngozi ikiwa imetulia na ngoma, silinda inayobeba kichwa, ikizungushwa kwa kidole. Pamba usitumie: nyuzi zake hunasa kwenye ncha za kichwa na kuzivunja.